Mjomba Kaachwa Nje ya Mlango wa Korti

Wiki hii meseji karibu zote ni za korti, sijui ni msimu ama ni nini, kwa hivyo zile za mashamba na urithi zisubiri toleo lijalo, msinikasirikie. Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi ni wakili lakini kabla ya uwakili nilikuwa karani wa korti miaka tisa, faili nimebeba mpaka mabega yakainama na majina ya washtakiwa nimeyaita mpaka koo likakauka, kwa hivyo mengine ninayowaambia hapa hayako kwa kitabu chochote.

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni mjomba wake Dula, mtoto wa dadangu, ana miaka 22 na ameshtakiwa wizi wa mabavu. Babake alishafariki, mamake ana presha, kwa hivyo wa kufuata kesi ni mimi tu. Juzi nimeamka saa kumi alfajiri nikavuka feri na lile kundi la kwanza, saa mbili kasorobo niko kortini, nimekaa benchi ya nyuma kabisa nimetulia kama maji ya mtungi, ikaitwa kesi ya kwanza, ya pili, ikafika yake. Nikamuona anapandishwa kizimbani anatafuta watu wake kwa macho, kabla hajaniona karani akasimama akasema wote ambao si mawakili watoke nje hii ni inkamera. Wallahi nilifurahi, nikasema afadhali, watarekodi na kamera kila kitu kiwe wazi, kumbe maana yake mlango unafungwa! Tumekaa koridoni saa nzima na nusu, mlango ulipofunguliwa Dula ashapitishwa nyuma kwa seli anarudishwa jela ya Shimo la Tewa, na wakili wake wa kupewa na serikali anakimbilia korti nyengine, akaniambia tu "tumepata tarehe". Sasa dadangu nikamwambie nini? Kesi za siri ziko Kenya hii? (Mjomba, Likoni)

JIBU: Marahaba mjomba, ingawa nahisi wewe ndiye mkubwa, ilikuwa mimi nikuamkie.

Kwanza hilo neno. Inkamera ni Kilatini, maana yake ni chumbani, yaani kama hakimu amewachukua wahusika akaingia nao chumba cha ndani, na kamera ya kupiga picha haihusiki kabisa. Usione haya, si wewe peke yako. Nikiwa karani, mzee mmoja nilipotangaza hivyo hivyo alitoa kitana mfukoni akachana ndevu, akakaa wima kabisa, na mimi ndiye niliyemwambia toka nje mzee wangu. Tangu siku hiyo nilikuwa nasema "hii itasikizwa faraghani" lakini wenzangu wengi bado wanasema inkamera kwa mazoea tu, na mtu wa benchi ya nyuma atajua vipi.

Haya, tuje kwa swali lenyewe. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 50, kipengele cha 2(d), inasema mshtakiwa ana haki ya kesi yake kusikizwa hadharani mbele ya korti iliyowekwa na Katiba. Hadharani maana yake mlango uko wazi na mtu yeyote anaingia akae, awe mjomba, jirani, mwandishi, mwanafunzi wa sheria, hata yule anayekimbia jua la saa sita akaona hapa kuna feni (tulikuwa nao wengi hao wala hatukuwafukuza). Huhitaji barua wala kujulikana na mtu, na huulizwi wewe ni nani wa mshtakiwa. Hata ile sheria yetu ya zamani ya mwenendo wa kesi za jinai, Sura ya 75, sehemu ya 77, inasema mahali panaposikizwa kesi ya jinai ni korti ya wazi na watu wanaruhusiwa kuingia kadiri nafasi inavyotosha. Hapo kwa "nafasi inavyotosha" tuwe wakweli, korti zetu nyingine ni vyumba vya mabenchi manne tu, zikijaa zimejaa na askari akikwambia subiri mtu atoke uingie hajakuvunjia haki. Lakini kujaa na kufungwa ni vitu viwili mbalimbali.

Haki yenyewe kwanza ni ya Dula, wewe unakuja nyuma yake. Nasema hivi kwa sababu watu wengi wakitolewa wanaanza "mimi ni mwananchi nina haki yangu" na kweli unayo, magazeti pia yanayo yao, lakini yule ambaye mlango ukifungwa anaachwa peke yake na serikali ni mshtakiwa. Yeye hakuchagua kuwa pale, mbele yake amekaa hakimu na kando mwendesha mashtaka, na nyuma askari anasubiri kumrudisha seli. Yule mtu mmoja wa kwao aliyekaa benchi hawezi kusema neno, lakini anaona. Na kuonwa kunabadilisha mambo mjomba, hili sikulisoma, nimeliona. Siku mabenchi yamejaa, yule mpelelezi ambaye mara tatu faili "iko njiani" anaileta siku hiyo hiyo, na shahidi akiapa sauti inasikika mpaka nyuma. Siku mabenchi ni matupu kesi inaahirishwa kwa sentensi moja, mshtakiwa hajaelewa kama imeanza ashaambiwa ashuke. Nilikuwa nawaita majina mimi, nawaona vile wanageuka kuangalia kama kuna mtu wao, ndiyo maana hiyo hadithi yako ya Dula kukutafuta kwa macho imenikaa.

Tena usifikiri mlango ukiwa wazi ndio basi mambo yako sawa. Kesi ya Mzee Jomo Kenyatta na wenzake watano, Kaggia, Kubai, Ngei, Karumba na Oneko, haikusikizwa kwa siri, kwa karatasi ilikuwa ya wazi kabisa. Lakini mkoloni aliwashika Oktoba 1952 halafu kesi akaipeleka Kapenguria, mbali huko kaskazini magharibi, kwenye jengo la shule kwa sababu hata korti ya maana haikuwako, hoteli haikuwako, mawakili na waandishi walilazimika kulala Kitale kama kilomita 40 hivi na kila asubuhi kusafiri. Juu ya hayo lilikuwa eneo lililofungwa, huingii bila kibali. Sasa niambie, mwananchi wa Kiambu angeenda kuketi benchi gani? Aprili 8, 1953 Jaji Thacker akawafunga miaka saba na kazi ngumu. Mlango ulikuwa wazi, ila ulikuwa wazi mahali ambapo hakuna mtu wa kuingia. Kwa hivyo mimi mtu akiniambia "korti ilikuwa wazi" huwa nauliza wazi kwa nani na ilikuwa wapi.

Turudi Likoni. Je, hakimu anaweza kufunga mlango? Anaweza. Kifungu hicho hicho cha 50, kipengele cha 8, kinasema waandishi na watu wengine wanaweza kutolewa, kesi yote au sehemu yake, kama ni lazima katika nchi huru ya kidemokrasia, ili kuwalinda mashahidi au watu wanyonge, ama maadili, ama utulivu wa umma, ama usalama wa taifa. Angalia hilo neno lazima. Ile sheria ya Sura ya 75 ni pana zaidi, inamruhusu hakimu akiona ni lazima AU inafaa, na hapo kwa "inafaa" ndipo kwenye mchezo, kwa sababu kitu kumfaa hakimu na kitu kuwa lazima si kitu kimoja, kuna joto, watu wananong'ona, hakimu kachoka, inafaa watoke. Lakini sheria ikigongana na Katiba ni Katiba inayoshika, kwa hivyo mimi nikisimama mbele ya hakimu sibishani na neno inafaa, naomba aniambie ni nini kilichofanya iwe lazima leo, kwa shahidi huyu, na kwa nini kutoa watu wote badala ya kumziba shahidi uso tu au kumtoa yule mmoja anayemtisha.

Kwa Dula mimi sikuwemo ndani kwa hivyo siwezi kukuambia kilichotokea, lakini wizi wa mabavu si kesi ambayo kwa kawaida husikizwa mlango umefungwa. Labda kulikuwa na shahidi mtoto, ama shahidi aliyetishiwa ambaye yuko chini ya ulinzi. Labda upande wa mashtaka uliomba na wakili wenu akanyamaza, maana wakili mwenye faili kumi na tano asubuhi moja ananyamazia mengi, nasema hivyo kwa huruma kwa sababu nimekuwa mmoja wao. Na labda hakukuwa na sababu yoyote, karani alizoea tu.

Kwa hivyo usiende kugombana na karani. Mtafute wakili wa Dula siku ambayo si ya kesi, umuulize kitu kimoja: hakimu aliandika sababu gani? Lazima iwe kwenye prosidingi, yale maandishi hakimu anayoandika kesi ikiendelea, na Dula akiwa mshtakiwa ana haki ya kuyaomba hata kesi ikiwa bado inaendelea, iko kifungu hicho hicho cha 50, kipengele cha 5. Kama sababu ipo na ina maana, basi umepata la kumwambia dadako, mwambie kulikuwa na mtoto anatoa ushahidi, atatulia. Kama haipo, siku ijayo kabla kesi haijaanza wakili asimame aseme mheshimiwa, familia ya mshtakiwa iko kortini na tunaomba ibaki, na kama korti inaona itoke tunaomba sababu iandikwe. Sentensi hiyo moja tu. Mimi nimeona mahakimu wakiisikia hiyo "iandikwe" wanaweka kalamu chini, wanafikiri, halafu wanasema wabaki.

Hebu nikupe mjomba mwenzako. Marekani, jimbo la Georgia, kulikuwa na kijana kwa jina Presley ameshtakiwa mambo ya kokeni. Siku ya kuchagua wale wazee wa baraza wa kule (wao wanachagua raia wa kawaida ndio waamue kama mtu ana hatia) hakimu akatupa macho akaona mtu mmoja peke yake amekaa kwenye mabenchi. Akamwambia atoke, si nje ya chumba tu bali aondoke orofa hiyo nzima. Kumbe ni mjomba wake Presley. Wakili akapinga, hakimu akasema nafasi hakuna, na tena hataki mjomba akae achanganyike na wale watakaochaguliwa. Baadaye wakili akaja na hesabu, kwamba watu 14 wangekaa kwenye boksi lao na 28 waliobaki upande mmoja wa chumba, upande wa pili ungebaki kwa mjomba na yeyote mwengine. Kesi ikapanda hadi Korti ya Juu kabisa ya nchi, na Januari 2010 majaji saba dhidi ya wawili wakasema ile hukumu haiwezi kusimama, hakimu alitakiwa atafute njia nyengine kabla ya kumtoa mtu, hata kama hakuna aliyempendekezea hiyo njia. Yote kwa sababu ya mjomba mmoja na kiti chake! Kule haki hii iko kwenye Marekebisho ya Sita ya katiba yao tangu 1791. Kesi ya Georgia haimlazimishi hakimu wa Mombasa lakini mawakili wetu wanaweza kuitaja na majaji wetu husikiliza mambo ya nje.

Ila usimpe dadako matumaini ya bure. Mlango kufungwa siku moja si kwamba Dula anafunguliwa kesho. Sheria yetu, sehemu ya 382 ya ile Sura ya 75, inasema kosa la utaratibu halivunji hukumu mpaka ionekane haki yenyewe ilipotea. Kama mambo yakiendelea hivyo, wakili anaweza kuandikia High Court iitishe faili iangalie, ama kufungua ombi la haki za kikatiba. Na kwa malalamiko ya karani au askari wa mlangoni kuna ofisi ya Ombudsman wa Mahakama, malipo hakuna. Lakini anza na wakili kwanza, na siku ya tarehe keti benchi ya mbele mjomba, hiyo ya nyuma waachie wanaokimbia jua.

SWALI: Wakili mimi nina shida tofauti na za watu. Binti yangu ana miaka 13, alifanyiwa kitu kibaya na mtu tunayemjua, kesi iko kortini na mwezi ujao anatakiwa kutoa ushahidi. Nimeambiwa korti ni wazi kwa kila mtu na ndugu za yule mtu wameshasema watakuja na gari nzima. Mtoto tangu asikie hayo hali chakula. Nikatae asiende? (Mama, Voi)

JIBU: Pole sana mama, na pole kwa mtoto. Usikatae, akikosa kwenda kesi inaweza kuanguka na hicho ndicho wanachotaka wenye gari.

Nimetoka kumwambia mjomba mlango uwe wazi, sasa nakuambia wewe mlango ufungwe, na sijipingi, hili ndilo hasa lile neno lazima lililowekewa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, sehemu ya 31, inamtambua mtoto wako kama shahidi anayehitaji kulindwa, na hakimu anaweza kuamuru watu watoke akitoa ushahidi, ama akae kwenye kile kisanduku cha kumkinga asionane uso kwa uso na yule mtu, ama maswali yapitie kwa mtu wa kati anayemuelewa, na jina lake na la familia lisichapishwe popote. Si lazima achague moja tu. Cha muhimu ni wewe kuwahi. Nenda leo au kesho kwa ofisi ya mwendesha mashtaka anayeshika faili, usingoje asubuhi ya siku yenyewe, mwambie mtoto anaogopa na ndugu za mshtakiwa wanapanga kuja, aombe hayo maagizo mapema. Kama wamewahi kukutisha, hata kwa maneno ya sokoni, sema, na uandikishe kituoni.

Kuna mambo mawili uyajue usije ukashtuka. Mshtakiwa mwenyewe hatatolewa, yeye ana haki ya kuwepo na wakili wake ana haki ya kumuuliza mtoto maswali, ila hakimu anatakiwa kumzuia akianza kumdhalilisha. Na hata mlango ukifungwa kwa ushahidi wa mtoto, hukumu inakuja kusomwa hadharani, sheria inataka hukumu itolewe kwenye korti ya wazi. Si vibaya hivyo, akipatikana na hatia acha gari nzima isikie.

Hata kesi kubwa kabisa hufanya hivi. Julai 2024 kesi ya ugaidi ya Shakahola, ile ya mhubiri Mackenzie na wafuasi waliokufa njaa, ilipoanza korti ya Shanzu, Mombasa, waandishi wa dunia nzima walikuwepo, na muda si muda wakaombwa watoke ili shahidi anayelindwa apande kizimbani. Kesi haikuwa ya siri, ilikuwa inajulikana na kila mtu, ni shahidi yule tu aliyefichwa. Na mtu akitoka hapo akaenda kuandika Facebook ushahidi ambao korti imeamuru usikizwe faraghani, hilo ni kosa la jinai, liko kwenye Kanuni ya Adhabu, kwa hivyo hao ndugu wakijaribu piga skrinshoti upeleke kwa mwendesha mashtaka.

SWALI: Hujambo wakili, niko Doha kwa kazi, kakangu ana kesi Nairobi na siku hizi wanasikiliza kwa mtandao. Nilitumiwa linki nikaomba ruhusa kazini nikajiunga saa tatu kamili, nikawekwa kwa lobi. Nikakaa hapo saa mbili nikiangalia neno "subiri", mwisho ikakatika. Hiyo nayo si kufungiwa nje? (Ndugu wa Mbali)

JIBU: Sijambo. Lobi ndiyo koridoni ya siku hizi, wewe na mjomba wa Likoni mlikuwa mmeketi mahali pamoja.

Haya yalianza Machi 2020 korona ilipoingia, korti zikapunguza kazi chini ya Jaji Mkuu Maraga, watu wakaanza kusikizwa kwa video, mahabusu akiwa gerezani na hakimu kwake, na baada ya korona tukabaki nayo kwa sababu inaokoa mafuta ya lori na muda. Kwa mtu kama wewe imekuwa baraka, zamani mtu wa Doha angesikia kesi ya ndugu yake kwa simu ya mtu aliyesikia kwa mtu. Lakini kama kesi inasikizwa kwa linki basi linki ndiyo mlango, na Katiba haikusema haki hii ni ya majengo peke yake, huo ndio msimamo wangu.

Nikwambie lakini kinachotokea kweli upande wa pili. Karani ana skrini moja, watu arobaini wanabisha hodi, na majina yanayobisha ni "Samsung A12", "Baby Girl" na "254". Anawaingiza mawakili anaowajua, wengine anawaacha. Hakuna njama hapo, ni uchovu tu. Kwa hivyo jiite jina lako kamili na namba ya kesi, kwa mfano "Fulani, ndugu wa mshtakiwa, E" na tarakimu zinazofuata, zima maiki kabla hujabisha, na siku moja kabla pigia rejista ya korti hiyo uwaambie utakuwepo. Ukifungiwa tena licha ya hayo, wakili wa kakako aseme hapo hapo kesi ikiendelea kwamba familia iko lobi haijaingizwa, iandikwe.

Na upande wa mshtakiwa mwenyewe kuna wasioipenda kabisa video. Jirani zetu Tanzania mwaka 2025, Tundu Lissu, yule mwanasiasa wa upinzani, aliposhtakiwa uhaini, Aprili alikataa kusikizwa kwa mtandao akiwa gerezani, alitaka afikishwe kortini yeye mwenyewe, na Mei 19 akafikishwa korti ya Kisutu, Dar es Salaam. Mimi naye hapo namwelewa. Skrini inaonyesha uso wa mshtakiwa na ukuta ulio nyuma yake, haionyeshi nani amesimama pembeni ya kamera. Kama kakako anajibu maswali ya maana, yaani siku ya ushahidi wenyewe, mshauri aombe apelekwe kortini kimwili, siku ya kutajwa tu video inatosha.

SWALI: Wakili kama korti ni ya wazi basi naweza kuingia laivu TikTok nikionyesha kesi? Nina folowazi wengi hapa Nakuru. (Kijana wa Kontenti)

JIBU: Hapana. Wazi maana yake uingie na macho na masikio yako, simu haikutajwa. Kurekodi na kupiga picha ndani ni mpaka hakimu aruhusu, na ukinaswa utapokonywa simu na wewe mwenyewe unaweza kulala ndani kwa kuidharau korti. Najua utaniambia mbona kesi za urais Korti ya Juu zilionyeshwa moja kwa moja 2013, 2017 na 2022, ndiyo, korti yenyewe iliruhusu, tena pale hakukuwa na shahidi anayelia wala mtoto. Ukitaka kontenti chukua daftari na kalamu, andika, toka nje ya geti ndio uwasimulie folowazi wako, ila usiseme fulani ni mwizi kabla hakimu hajasema. Kalamu haijawahi kupokonywa mtu, angalau si na mimi.

SWALI: Naweza kuingia kortini na kanzu na kofia? Na lugha, nisipojua Kiingereza? (Bwana wa Lamu)

JIBU: Kanzu ingia nayo na kofia yako ya kushona kaa nayo, ile ya mpira yenye mdomo ndiyo utaambiwa uvue. Lugha usiogope, korti za mahakimu zinatumia Kiingereza au Kiswahili, zote mbili ni lugha zao kisheria, na mshtakiwa asiyeelewa anawekewa mkalimani bila kulipa, awe anaongea Kibajuni, Kipokomo ama Kisomali. Wewe wa benchini hutawekewa wako lakini mengi yatatafsiriwa kwa sauti na utayasikia. Hakimu akiingia simama, akikaa nawe kaa, na zima simu, kuzima kabisa si kuweka vaibresheni, yale mabenchi ni ya mbao na yanapiga kelele korti nzima.